Mke wa Fundi Saa Aliyehesabu Safari ya Nyota

Bibi Nicole-Reine Lepaute wa Ufaransa hakuwa na cheo wala hakusoma chuo kikuu. Alikuwa na kalamu, karatasi na subira. Kwa vitu hivyo vitatu alisaidia kutabiri kurudi kwa nyota yenye mkia, na akachora njia ya kivuli cha mwezi. Hata hivyo, watu wengi hawajapata kulisikia jina lake.

Akina mama wenzangu, tuanzie nyumbani. Fundo ni kisiwa kirefu na chembamba kilichoko magharibi ya Pemba, upande wa Wete. Mahali kama hapo maisha hufuata maji. Maji yakipwa, wanawake huteremka pwani kutafuta pweza na kombe. Maji yakijaa, hupanda kurudi majumbani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, bahari inatoka mbali na kurudi kwa nguvu, na tofauti ya maji kupwa na kujaa katika visiwa vyetu hufika karibu mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayatoki sana wala hayajai sana. Wavuvi wa dagaa nao huhesabu siku za giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti samaki.

Mwanamke wa pwani anajua pia kwamba maji hayarudi saa ile ile kila siku. Leo yakipwa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tano kasorobo. Tofauti ni kiasi cha dakika 50, maana mwezi nao huchelewa kuchomoza kila siku. Anayekosea hesabu hiyo hufika pwani akakuta maji yameshajaa, akarudi na kapu tupu.

Basi, kuhesabu mambo ya mbinguni si jambo geni kwa akina mama. Kinachotofautiana ni mahali hesabu ilipofikishwa. Mwezi huu tunamtazama mama mmoja aliyeifikisha mbali sana, zaidi ya miaka 250 iliyopita. Habari zake zinatuhusu sisi tulioolewa, tulio na watoto na tusio na watoto, na hasa sisi tunaofanya kazi ambazo jina letu haliandikwi.

Binti aliyependa vitabu

Nicole-Reine Étable alizaliwa Januari 5, 1723 katika jumba la kifalme la Luxembourg, mjini Paris. Asidhani mtu kwamba alikuwa binti mfalme. Baba yake alikuwa katika utumishi wa jamaa ya kifalme, na nyumbani walikuwa watoto wengi. Siku zile wasichana hawakupelekwa chuo kikuu. Binti wa familia nzuri alifundishwa kusoma, kushona, kucheza ngoma za kizungu na kukaribisha wageni, kisha akaozwa.

Nicole-Reine alikuwa na njaa ya aina nyingine. Waliomfahamu walisimulia kwamba tangu utotoni alivipenda vitabu mno, akivisoma hata usiku wakati wenzake wamelala.

Hakuwa mwanamke wa kwanza wa Kifaransa kuvutwa na elimu ya nyota. Mwaka 1680 mjane mmoja wa Paris aitwaye Jeanne Dumée aliandika maelezo ya kutetea fundisho la Copernicus kwamba dunia huzunguka jua. Na wakati Nicole-Reine alipokuwa msichana, Bibi Émilie du Châtelet alikuwa akijifunza hesabu za juu. Yeye ndiye aliyekitafsiri kwa Kifaransa kitabu kikuu cha Isaac Newton kuhusu mwendo wa dunia na sayari. Bibi du Châtelet alikuwa mjamzito alipokuwa akiimaliza kazi hiyo, akajitahidi aikamilishe kabla ya kujifungua. Alijifungua salama, lakini siku chache baadaye, Septemba 10, 1749, alifariki. Uchungu wa namna hiyo hauhitaji kufafanuliwa kwa akina mama.

Katika nyumba ya fundi saa

Mwaka huo huo wa 1749, Nicole-Reine akiwa na umri wa miaka 26, aliolewa na Jean-André Lepaute. Huyu alikuwa fundi saa hodari, na baadaye akawa fundi saa wa mfalme. Karakana yake ilitengeneza saa za majumba makubwa, pamoja na saa za wataalamu wa nyota, ambao hawawezi kufanya kazi bila saa isiyodanganya.

Hapa ndipo tunapoona jambo zuri la ndoa hii. Bibi Lepaute hakukaa pembeni. Aliendesha mambo ya nyumba, akasaidia hesabu za karakana, na kisha akaingia katika ufundi wenyewe. Saa za zamani ziliongozwa na pendulamu, yaani chuma kinachoning'inia na kuyumba huku na huko. Pendulamu ikiwa ndefu, huyumba polepole. Ikiwa fupi, huyumba haraka. Fundi anapotaka saa iende sawasawa lazima ajue urefu unaofaa. Bibi Lepaute alikaa akahesabu jedwali refu linaloonyesha pendulamu ya urefu huu itayumba mara ngapi kwa muda fulani. Jedwali hilo lilichapishwa katika kitabu cha mumewe kuhusu utengenezaji wa saa, mwaka 1755. Juu ya kitabu liliandikwa jina la mume, lakini mafundi waliokitumia walikuwa wakitegemea pia hesabu za mke.

Mwaka 1753 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimtuma kijana mmoja kuikagua saa mpya ya Bwana Lepaute. Kijana huyo aliitwa Jérôme Lalande, naye alikuwa na miaka 21 tu. Alikwenda kutazama saa, akakuta katika nyumba hiyo mwanamke mwenye akili ya hesabu ambayo hakuitarajia. Urafiki wa kazi ulianza kati yake na mume na mke, nao ulidumu maisha yao yote.

Nyota iliyoahidiwa kurudi

Sasa tuje kwenye kazi kubwa. Tangu zamani watu waliogopa nyota zenye mkia, ambazo wataalamu huziita kometi. Zilipotokea, wengi walisema ni dalili ya vita, tauni au kifo cha mfalme. Hakuna aliyejua zinatoka wapi wala zinakwenda wapi.

Mwingereza Edmond Halley alizichunguza habari za kometi zilizoonekana mwaka 1531, 1607 na 1682. Aliona kwamba njia zao zinafanana mno. Akasema hizi si nyota tatu. Ni moja inayolizunguka jua na kurudi kila baada ya miaka 75 au 76. Akatabiri kwamba itarudi karibu na mwisho wa mwaka 1758. Halley alifariki mwaka 1742, hivyo hakuwahi kuona kama alisema kweli.

Mwaka 1757 ulipofika, watu wa elimu walianza kungoja. Lakini itatokea lini hasa? Hapo palikuwa na tatizo. Kometi ikiwa safarini hupita katika eneo la sayari kubwa, Mshtarii na Zohali, nazo huivuta. Ni kama ngalawa inayotoka Fundo kwenda Wete: nahodha anaijua njia, lakini mkondo wa maji humvuta kando na kumchelewesha. Anayetaka kujua saa ya kufika hana budi kuupima mkondo kila mahali.

Mtaalamu wa hesabu Alexis Clairaut alipata njia ya kuipima mivuto hiyo, lakini hesabu zenyewe zilikuwa nyingi kiasi cha kumtisha mtu. Ilibidi kutafuta, hatua kwa hatua, umbali wa kometi kutoka Mshtarii na kutoka Zohali kwa muda wa miaka 150, na kuona kila sayari inavuta kwa nguvu gani. Hakukuwa na mashine ya kuwasaidia. Kila tarakimu iliandikwa kwa mkono. Clairaut alimwomba Lalande, na Lalande akamwomba Bibi Lepaute.

Miezi sita mezani

Watu hawa watatu walihesabu kwa zaidi ya miezi sita. Lalande aliandika baadaye kwamba walifanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, na mara nyingine hata wakati wa kula. Yeye mwenyewe aliugua kwa sababu ya uchovu huo, na alisema afya yake haikurudi kama zamani. Alisema pia waziwazi kwamba bila Bibi Lepaute wasingethubutu kuianza kazi hiyo.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama kwa mbali atasema, "Kuhesabu tu, kuna kazi gani?" Lakini fikiri, mama, kazi ambayo kosa dogo la leo linaharibu matokeo ya kesho na keshokutwa. Unajumlisha, unazidisha, unagawanya, kisha unarudia kuhakikisha. Huna wa kukupigia makofi. Huoni nyota yoyote, unaona tarakimu. Na wakati wote kometi inakuja, hivyo ukichelewa itafika kabla hujamaliza, na jasho lako litakuwa la bure.

Walimaliza kwa shida. Novemba 1758 Clairaut alisimama mbele ya Chuo cha Sayansi akatangaza matokeo. Kometi itachelewa siku 618 kuliko safari iliyopita: siku 518 kwa sababu ya Mshtarii, na siku 100 kwa sababu ya Zohali. Italikaribia jua kabisa katikati ya Aprili 1759. Akaongeza kwamba huenda wamekosea kwa kiasi cha mwezi mmoja.

Usiku wa Krismasi mwaka huo huo, Desemba 25, 1758, mkulima mmoja wa Ujerumani aitwaye Johann Palitzsch, aliyekuwa akijifunza mambo ya nyota kwa bidii yake mwenyewe karibu na mji wa Dresden, aliiona. Nyota ilikuwa imerudi! Ililikaribia jua kabisa Machi 13, 1759, mwezi mmoja kabla ya tarehe iliyotajwa, yaani ndani ya mpaka uliotangazwa. Kwa safari ya miaka 76 hilo lilikuwa jambo la ajabu. Tena kumbukeni kwamba siku zile sayari za Uranus na Neptune zilikuwa hazijagunduliwa, kwa hiyo mivuto yake haikuweza kuingizwa katika hesabu.

Tangu hapo watu wenye elimu hawakuweza tena kusema kwamba kometi huja ovyo kutisha wanadamu. Ilijulikana kwamba nazo zina njia na majira yake, kama mwezi na kama maji ya bahari. Hofu ya karne nyingi ilipungua, na meza moja ya hesabu iliyokaliwa na mwanamke ilichangia katika hilo.

Jina linaachwa

Mwaka 1760 Clairaut alichapisha kitabu chake juu ya kometi. Msaada wa Bibi Lepaute haukutajwa. Lalande alieleza baadaye kwamba Clairaut aliacha kumtaja ili kumridhisha mwanamke mwingine, ambaye alimwonea wivu Bibi Lepaute kwa akili yake lakini mwenyewe hakuwa na elimu kama hiyo.

Hayo ni maelezo ya Lalande, na upande wa pili hatukuusikia. Lakini mwanamke gani hajapata kuona jambo la namna hiyo? Mara nyingi tunalalamika kwamba wanaume hawathamini kazi zetu, na ni kweli. Lakini pengine anayemvuta mwenzetu chini ni mwanamke mwenzake. Tunasema, "Anajifanya msomi," au "Anashinda na madaftari, nyumba yake nani anaiangalia?" Neno moja la wivu, likisemwa kwenye sikio linalofaa, linaweza kufuta kazi ya miezi sita.

Bibi Lepaute alifanya nini? Hakuna habari kwamba aligombana na mtu. Alichukua kalamu akaendelea na kazi. Lalande naye hakukubali kunyamaza. Aliandika waziwazi mchango wa mama huyo, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1803, miaka mingi baada ya mama huyo kufariki, alieleza habari za maisha yake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo tunayajua kwa sababu rafiki mmoja alikataa kuona kazi ya mtu ikipotea.

Miaka kumi na mitano ya kalenda ya mabaharia

Mwaka 1759 Lalande alikabidhiwa uhariri wa kalenda ya nyota iitwayo Connaissance des temps, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1679. Kalenda hiyo iliwaonyesha wataalamu na mabaharia mahali pa jua, mwezi na sayari kwa kila siku ya mwaka. Baharia akiwa katikati ya bahari, bila kisiwa machoni, aliitegemea ili ajue yuko wapi. Kwa miaka karibu 15 Bibi Lepaute alikuwa msaidizi katika hesabu zake. Baadaye aliingia katika kazi nyingine ya namna hiyo, iliyotaja mahali pa jua, mwezi na sayari kwa miaka mingi mbele, hadi mwaka 1792.

Mwaka 1761 chuo cha elimu cha mji wa Béziers, kusini mwa Ufaransa, kilimpokea kuwa mwanachama wake. Hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa mwanamke wa wakati ule. Chuo cha Sayansi cha Paris, kile kilichozipokea hesabu zake za kometi kwa mkono wa Clairaut, kilikaa hadi mwaka 1979 ndipo kikamchagua mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili, naye ni mtaalamu wa hesabu Yvonne Choquet-Bruhat. Mlango huo ulichukua zaidi ya miaka 200 kufunguka!

Pete ya jua

Kazi iliyomletea Bibi Lepaute jina lake mwenyewe ilikuwa juu ya kupatwa kwa jua. Alihesabu kwamba Aprili 1, 1764 mwezi utapita mbele ya jua, na mahali fulani katika Ulaya jua litabaki kama pete ya moto inayouzunguka mwezi mweusi. Akachora ramani ya Ulaya nzima inayoonyesha kivuli kitakuwa wapi kila baada ya robo saa. Ramani hiyo ilichapishwa, na safari hii jina la mwanamke lilikuwapo.

Pete ya namna hiyo sisi pia tumeiona. Septemba 1, 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, wakiwamo wageni na watoto wa shule, kutazama jua likigeuka pete. Sehemu nyingine za nchi waliona jua likiliwa upande mmoja tu. Tarehe, saa na mahali vilijulikana mapema, ndiyo maana watu waliweza kusafiri na kungoja. Hakuna aliyekuwa na haja ya kupiga debe kulifukuza joka linalomeza jua. Siku hizi mashine hufanya hesabu kwa dakika chache, lakini kazi ni ile ile aliyoifanya Bibi Lepaute kwa kalamu ya unyoya.

Mama asiyezaa

Bwana na Bibi Lepaute hawakujaliwa mtoto. Akina mama wanajua uzito wa neno hilo. Katika jamii zetu mwanamke asiyezaa huulizwa maswali na mawifi, husemwa kisimani, na mara nyingine hurudishwa kwao. Hatujui Bibi Lepaute alilia mara ngapi. Tunajua alichofanya.

Karibu mwaka 1768 alimpokea nyumbani mpwa wa mumewe, Joseph Lepaute Dagelet, kijana wa miaka 17 hivi. Alimlea kama mwanawe na kumfundisha elimu ya nyota. Kijana alishika mafunzo. Mwaka 1777 aliteuliwa kuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha kijeshi mjini Paris, na mwaka 1785 aliingizwa katika kile Chuo cha Sayansi ambacho mama mlezi wake hakuweza kuingia.

Mwaka huo huo wa 1785 Dagelet aliondoka na meli mbili za nahodha La Pérouse kuizunguka dunia, yeye akiwa mtaalamu wa nyota wa msafara. Machi 1788 meli hizo zilitoka pwani ya Australia. Hazikuonekana tena. Karibu miaka 40 ilipita kabla mabaki yake hayajapatikana katika kisiwa cha Vanikoro, bahari ya Pasifiki.

Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa maana ya kumngoja msafiri wa baharini asiyerudi. Pemba haijasahau usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kuja Pemba. Mama mlezi wa Dagelet alikuwa amehesabu mahali pa nyota kwa ajili ya mabaharia miaka mingi. Hesabu za nyota humwonyesha nahodha mahali alipo, lakini hazizuii dhoruba wala mwamba.

Miaka ya mwisho

Macho ya Bibi Lepaute yalianza kudhoofika, na si ajabu, kwa jinsi alivyoyatumia juu ya tarakimu. Mumewe naye aliugua ugonjwa wa muda mrefu. Mke aliiweka kalamu kando, akamwuguza kwa karibu miaka saba. Alifariki Desemba 6, 1788 akiwa na umri wa miaka 65, bila kujua yaliyompata kijana wake. Mumewe alimfuata miezi michache baadaye, Aprili 1789.

Mtu anaweza kuuliza, je, hiyo miaka saba ya uuguzi ilikuwa hasara kwa elimu? Labda. Lakini aliyeolewa anajua kuwa maisha yana majira. Kuna majira ya kuhesabu nyota na majira ya kuhesabu matone ya dawa. Tusimpime mama huyu kwa majira moja tu. Jambo moja lafaa kuangaliwa: hakungoja majira mazuri ndipo aanze. Alianza akiwa mke mwenye nyumba na karakana ya kuangalia.

Nasi tufanyeje?

Kwanza, tusiwaambie binti zetu kwamba hesabu ni za wavulana. Mama anayepima mchele kwa kibaba, anayegawa fedha za sokoni zifike mwisho wa juma, anayejua kesho maji yatapwa saa ngapi, huyo ni mtu wa hesabu. Binti akikuona unahesabu bila woga, naye hataogopa. Mwambie akuonyeshe daftari lake. Hata kama huyajui yaliyomo, atajua kwamba yana thamani kwako.

Pili, tuwasimulie habari za wanawake wa kwetu waliofuata njia hiyo. Nchini Kenya, Bibi Susan Murabana na mumewe Chu Owen walianzisha mwaka 2014 shughuli ya kupeleka darubini mashuleni na vijijini, watoto wakaona kwa macho yao milima ya mwezi na pete za Zohali. Hapo pia ni mume na mke katika kazi moja.

Tatu, tuandike majina. Katika kila kikundi cha kuweka na kukopa yupo mama anayekesha na daftari ili hesabu zilingane. Katika kila arusi yupo anayepanga vyakula vikatosha, na sifa zikaenda kwa mwingine. Siku ya kusoma taarifa, mtaje kwa jina lake. Kama kazi ilifanywa na watu watatu, yatajwe majina matatu. Haikugharimu kitu Lalande kusema kweli, na kwa sababu hiyo Bibi Lepaute hakupotea.

Leo shimo moja juu ya mwezi, lenye upana wa kilomita 16 hivi, linaitwa Lepaute kwa heshima yake. Kwa macho matupu halionekani, yahitaji darubini. Na ile kometi aliyoihesabu ilirudi mwaka 1910 na mwaka 1986. Mwishoni mwa 2023 ilifika mwisho wa safari yake ya kwenda mbali, ikageuka. Inatarajiwa mwaka 2061. Wengi wetu hatutakuwapo, lakini mtoto uliyembeba mgongoni ataiona. Mwambie tangu sasa kwamba katika waliohesabu kurudi kwake, mmoja alikuwa mwanamke.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika nyumba yako ni kazi gani unayoifanya ambayo sifa yake huenda kwa mwingine? Ungependa itajwe namna gani?

2. Umewahi kumrudisha nyuma mwanamke mwenzio kwa maneno ya wivu? Unaweza kufanya nini kurekebisha?

3. Yupo mtoto wa ndugu au jirani ambaye unaweza kumfundisha unachokijua, kama Bibi Lepaute alivyomfundisha Dagelet?

4. Mama au bibi yako alikufundisha nini kuhusu mwezi, nyota au maji ya bahari? Je, umemfundisha binti yako?